Pele ya ku Robine

Siku ya mwisho ya kazi yangu, ba-kolega balinipa kaye moja mupya ya kuandikia na biki mbili, moja yenye haikuwa inaandika. Balisema: "Muzee Paskali, andikia bavijana bale banaingia kazi, bajue." Bon. Niliacha masomo ku mwaka ya tatu ya primere. Si sababu ya ujinga. Mwalimu alikuwa anapiga na mukono ya kushoto, na hakukuwa namna ya kujua fimbo itatokea upande gani. Kwa hiyo mwenye kusoma avumilie.

Mushahara sitaandika. Kama unaipata, utaijua. Kama hauipate, utaijua zaidi. Grade pia naacha. Nitaandika kifagio, burueti, pele, ile beleshi ya kuzolea taka, na mavi ya imbwa. Mutacheka. Lakini ile mavi karibu irudishe avenyu mbili mu vita, na katikati ya zile avenyu mwenye alikuwa anafagia ni miye.

Siku ya kwanza nilikuja na shati yangu ya kanisa. Muzee Zakayo, mukubwa wetu siye bafagiaji ya kartie, mutaa yetu, aliniangalia toka miguu mpaka kichwa, akauliza:

"Nani anaoa leo?"

Nilisema hakuna.

"Basi rudi uvae nguo ya mutu mwenye hataoa tena."

Njo ginsi nilianza. Alinifundisha kufagia na upepo ku mugongo. Mimi nilikuwa nafanya kinyume, na miezi mbili ya kwanza nilikula vumbi ya Bunia yote, mpaka bibi yangu akasema sina tena haja ya bugali. Alinifundisha kupakia burueti: bitu ya uzito mbele, karibu na gurudumu, si karibu na mikono yako. Na alinifundisha mavi ya imbwa, yenye bavijana ya sasa banaifagia kama majani. Sikieni. Mavi ya imbwa haifagiwe. Ukiifagia, umeipaka. Unaleta jivu ya jiko, unamwanga juu, unangojea wakati ya kusalimia jirani moja, asikuwe jirani ya maneno mingi, alafu unaingiza pele ku ubavu, polepole, kama mama anatoa bugali mu sufuria. Shimo yako ikuwe na urefu ya mukono, mbali na maji. Kwisha.

Muzee Zakayo hakujua kusoma ata jina yake, lakini mavi alikuwa anasoma. "Paskali, usiulize nani alifanya," alikuwa anasema. "Batu banakana. Uliza nani anakula nini." Siku moja mutu mukubwa wa avenyu yetu aliapa kwa Mungu kama imbwa yake haitokake mu parsele ya nyumba yake. Zakayo akachutama mu njia, akaangalia, akasema: "Mifupa ya kuku. Na leo ni siku ya tatu. Patron, ni parsele gani ingine hapa inakula kuku katikati ya juma?" Ule mukubwa alichukua pele mwenyewe. Nasema kweli, na suti yake.

Alafu vita ilikuja. Hiyo iko na baandishi yake, bale balisoma kunipita. Siye tulikimbia na miguu, nani upande ya Irumu, nani mbali zaidi. Wakati tulirudi, Zakayo hakurudi. Nilimungojea mwaka nzima, kisha nikaacha kungojea lakini sikumuambia mutu. Pele yake niliikuta kwa fundi mumoja anachanganya nayo udongo ya matofali. Nilimuambia: "Kaka, hiyo pele, unajua ilikuwa inafanya kazi gani?" Nikamueleza. Aliirudisha mbio, akanawa mikono mara mbili.

Ile wakati ilikuwa amani yenye batu banasalimiana na mudomo, macho inaangalia mikono. Muchana soko inajaa, bamama banauzisha, batoto banaenda masomo. Jua ikianza kuanguka tu, kila mutu anakumbuka mulango yake. Na mu kartie yetu robine ya maji, bomba ya batu bote, ilibaki moja kwa avenyu mbili, ile tulikuwa tunaita ya juu na ile ya chini. Zingine zote balivunja ao baling'oa tiyo ya maji. Sitaandika nani alikuwa kabila gani. Bale banajua, banajua. Na bale hawajui, Mungu abalinde na hiyo masomo.

Fasi ya ile robine ilikuwa yangu kufagia kila asubui, mbele bamama bafike na bidon ya kuchotea. Na kila asubui, pembeni ya sementi, hatua tatu toka maji, kulikuwa mavi. Mupya, ingali inatoka moshi.

Kulikuwa imbwa moja ya rangi ya bugali ya kuungua, sikio moja nzima, ingine nusu. Mwenye ile imbwa hakukuwa. Munapashwa kuelewa hii kitu, bavijana, sababu hamukukuwa: wakati batu balikimbia, imbwa ilibaki mu muji. Na ile imbwa ilibaki, ilikula nini? Hiyo pia sitaandika. Kwa hiyo wakati batu balirudi, hakuna mutu alitaka kusema "hii ni imbwa yangu." Ni kama kusema "hii ni haya yangu." Mbele ya vita, kwetu imbwa ilikuwa inapewa jina ya kusumbua jirani. Maneno yenye hauna nguvu ya kumuambia uso kwa uso, unapatia imbwa. Unasimama ku mulango, unaita: "Nyumba-Yako-Je! Kuja kula!" na jirani anapata ujumbe na bugali yake inamushinda kumeza. Lakini ile ya sikio nusu, hakuna mutu alikuwa anaiita mbele ya batu. Ilikuwa inapita tu mu njia kama mutu hana karatasi.

Mavi yake, lakini, ilikuwa na majina mingi.

"Munaona?" alisema Mama Dorika. Ule mama alikuwa wa avenyu ya chini, mujane, muzaliwa wa upande ya Mahagi, anauzisha ndakala, samaki dogo ya ziwa, na sauti yake inasikilika mpaka mwisho wa muji. "Munaona ginsi batu ya juu banatuzarau? Banaleta imbwa yao ikunye fasi tunachota maji!"

"Imbwa inatoka chini," alijibu Muzee Byaruhanga. Ye alikuwa wa avenyu ya juu, alikuwa na ng'ombe mingi, ikabaki moja, na ile moja alikuwa anaichunga kama yai. "Miye naiona kila siku inapanda toka kwenu. Mavi yenu imezoea kupanda."

"Mavi yetu! Muzee, unaheshimiwa, usianguke!"

"Miye nilianguka zamani, mama. Sasa niko nalala tu."

Batu balicheka, lakini kicheko ya meno. Siku ya pili bidon moja ikatobolewa. Siku ya tatu bamama babiri balishikana nywele. Siku ya ine bavijana ya juu balikuja kuchota na fimbo, na ya chini balikuja na panga, banasema ni ya kukata majani. Ku robine hakukuwa majani. Mwenye kuifagia ni miye, ninajua.

Shefu ya kartie alingojea jumamosi, siku ya salongo, ile asubui batu bote banafagia mbele ya parsele yao na hakuna kufungua duka mbele ya saa ine. Akatuita bote ku robine. Akauliza: "Nani mwenye hii imbwa?"

Kila mutu aliinama kufagia tena fasi ilikuwa safi. Shefu akasema:

"Mwizi akikuja, kila mutu iko na imbwa. Mavi ikikuja, hakuna. Bon. Jumamosi ijayo, batu ya service ya mifugo banapita juu ya ugonjwa ya kichaa. Imbwa yenye haina mwenye, inapigwa risasi. Na kama hamutajua kuishi, robine nafunga na kufuli. Juu na chini, muende kuchota ku mutoni, kilometre mbili, na muangalie nani mutakuta mu njia."

Hapo hakuna mutu alicheka. Kwa ile njia ya mutoni, siku zile, mutu alikuwa anaenda na maombi.

Ile juma nilifanya kazi ya Zakayo. Kila asubui nilichutama pembeni ya robine na kijiti, nikasoma. Bamama balisema Paskali amekuwa muganga. Nilikuta bitu tatu. Ya kwanza: vichwa ya ndakala. Ya pili: nywele fupi ya ng'ombe, ya ngozi ya zamani yenye batu banakausha nyumbani. Ya tatu nitasema ku mwisho. Nilipoona ile ya tatu, niliketi chini, ku mawe ya baridi, na sikusimama mbio.

Jumamosi ikafika. Imbwa ilikuwa imefungwa na kamba ku nguzo ya robine. Polisi mumoja na bunduki alisimama pale, mutu wa kazi, anapiga muayo. Juu bamesimama upande ya juu, chini upande ya chini, katikati miye na pele. Nilikuwa nimetia mavi ya ile asubui ku jani ya ndizi, na jivu juu, mingi kidogo kwa upande moja. Nilisema:

"Shefu, mbele ya kuua, nisome."

"Usome nini?"

"Barua."

Nikapanua na kijiti. "Vichwa ya ndakala. Mu avenyu mbili hizi, nani anauzisha ndakala?"

"Eh! Paskali!" Mama Dorika aliruka. "Ndakala yangu inakuliwa na Bunia nzima! Ata weye, unakulaka, nikusome na weye?"

Batu balicheka, na sasa kicheko ilikuwa ya tumbo.

"Na hapa, nywele ya ng'ombe. Nani iko na ng'ombe?"

"Ng'ombe yangu inapoteza nywele," alisema Muzee Byaruhanga bila kuniangalia. "Upepo inabeba. Uliza upepo."

"Upepo ilitia mu tumbo ya imbwa?"

"Upepo ya hii muji, miye siishangae."

Shefu alichoka. Alifanya ishara na mukono. Polisi akafungua kamba ku nguzo, akaanza kukokota imbwa kwenda nyuma ya ukuta. Ile imbwa ilitia miguu mu udongo, ikalia. Haikubweka. Ililia kama mutu mwenye anajua. Na kwa mara moja, toka pande mbili, sauti mbili:

"Mungu-Anaona!" Hiyo ilikuwa Mama Dorika.

"Mutachoka!" Hiyo ilikuwa Muzee Byaruhanga.

Imbwa iligeuza kichwa chini, ikageuza juu, ikatingisha mukia kwa bote babiri. Polisi aliacha kamba. 

Kisha Mama Dorika akageuka. "Mutachoka? Nani atachoka, Muzee? Siye?"

"Na weye, Mungu anaona nani? Anaona juu tu?"

"Anaona tu bale bako na kitu ya kuonwa!"

Hapo kartie nzima ilipasuka. Batu ya juu banacheka, ya chini banacheka, kijana mumoja wa panga alikuwa anapangusa machozi na ile mukono ya panga. Shefu peke yake alijaribu kukaza uso, ikamushinda.

Kicheko ilipoisha, Mama Dorika alisema polepole, na miye sikujuaka kama ule mama iko na sauti ya polepole: "Niliporudi, mulango ilikuwa imevunjwa, bitu yote ilienda, ata sufuria. Hii imbwa ilikuwa imelala mu mulango, inachunga. Inachunga nini? Hakukuwa kitu. Basi ningeifukuza?"

Muzee Byaruhanga alikaa na fimbo yake. "Ilikuwa inatembea na Yusto," akasema. Yusto ni mutoto yake. Bote tulijua Yusto hakurudi, na tulijua, tena, Yusto alikuwa anapendaka kushuka avenyu ya chini kucheza mupira.

Shefu aliangalia viatu yake. Polisi akauliza: "Sasa nafunga ao nafungua?"

"Fungua," alisema Shefu. "Imbwa iko na benye babiri. Na mwenye imbwa ni mwenye mavi yake. Paskali, leta hiyo pele."

Njo ginsi sheria ilitoka, na haikutoka mu biro ya serikali. Pele ya Zakayo italala juma moja chini, juma moja juu. Mwenye kuwa na pele, njo anatoa mavi ya ku robine ile juma, na jivu, na shimo, kama nilivyoonyesha. Jumamosi kisha salongo, unaipeleka mwenyewe, mukono kwa mukono. Kuiacha ku mulango, hapana.

"Muzee aanze," alisema Mama Dorika.

"Mama aanze. Mungu anaona."

Mama ndiye alianza. Ile jumamosi ya kwanza ya kupeleka, tulisimama bote kumuangalia anapanda avenyu ya juu na pele ku bega kama askari. Toka vita hakuna mutu wa chini alikuwa amepita ile kona. Alienda, akakawia. Bavijana ya chini balianza kuangaliana. Kisha akashuka, na maziwa mu chupa, anaita toka mbali: "Maziwa ya juu iko na maji mingi!" Juma yenye ilifuata Muzee Byaruhanga alishuka na pele, akapanda na ndakala mu jani, anasema iko na muchanga.

Kisha pele ilizoea njia. Benye imbwa bengine balianza kuonekana, mumoja mumoja, kama batu banatoka kujificha. Huyu anasema ya kwake ni ile nyeusi, huyu ile ya kilema, na kila mumoja na kopo yake ya jivu ku mulango. Bakolega, nabaambia hii kwa kazi: musipigane na mwenye imbwa. Mumupe kopo ya jivu. Mutu mwenye iko na kopo, hawezi tena kukana.

Na mavi ya ku robine? Ilipunguka. Mu juma tatu ikaisha kabisa. Imbwa ile ile, hakuna ata kidonge. Batu balisema ni nguvu ya pele. Kartie zingine zilikuja kuuliza, balitengeneza pele yao. Mukubwa mumoja wa meri, ofisi ya muji, alinishika mukono mbele ya batu, akasema mimi ni mutu wa amani. Nilishukuru. Nilikuwa naangalia chini, balizani ni unyenyekevu.

Sasa ile kitu ya tatu.

Ilikuwa maganda ya biazi tamu. Mu kartie nzima, mutu mwenye alikuwa anakula biazi saa kumi na mbili ya asubui, ameketi ku sementi ya robine, mbele ya kushika kifagio, alikuwa mumoja. Na yule mutu alikuwa na mwenzake wa kugawanya naye maganda, mwenye sikio nusu, sababu toka Zakayo hakurudi nilikuwa nafagia peke yangu, na asubui ni ndefu. Zakayo alinifundisha: imbwa ikila asubui, haiende mbali. Inakula, inazunguka mara tatu, inafanya kazi yake palepale. Ile mavi yote, ile panga zote, ni miye niliyalisha.

Toka ile juma ya kusoma, nilianza kuhamisha chakula ya imbwa, hatua kwa hatua, juma tatu. Mwisho nilikuwa naipatia nyuma ya kibanda ya bifaa, mbali na maji, na shimo karibu. Ku jani ya ndizi, upande ya maganda njo nilitia jivu mingi. Ningesema, wangeona pele haina kazi. Na kama pele haina kazi, nani atapanda avenyu ya juu, na nani atashuka? Basi nilinyamaza. Njo kazi ngumu kuliko zote nilifanya, na hakuna kifagio inasaidia.

Muzee Byaruhanga alikufa mu kitanda yake, muzee kabisa. Imbwa ilimutangulia kufa, na shimo tulichimba na ile pele, juu na chini. Pele inatembea mupaka leo kwa benye imbwa bengine, wamebadilisha mupini mara tatu.

Jumamosi iliyopita, ya kwanza ya mapumuziko yangu, nilivaa ile shati ya kanisa, nikaenda kwa Mama Dorika. Ni juma ya chini. Amezeeka, sauti bado nzima. Nilimuambia nimekuja kuomba pele, nifanye juma moja.

"Paskali, weye hauna imbwa."

"Nilikuwa nayo," nilisema. Na nikaanza kueleza, biazi, maganda, jivu.

Aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha alisimama, akachukua pele nyuma ya mulango, akanitilia mu mikono pamoja na kopo ya jivu.

"Ile siku jivu ilikuwa mingi upande moja," alisema. "Miye nauzisha ndakala, Paskali. Ninajua mutu anaficha kitu chini ya ingine. Byaruhanga pia alijua, tulicheka mpaka ye akakohoa. Tulikuwa tunakungojea tu ukuje kuchukua zamu yako. Umechelewa sana. Enda, ku robine kuko mavi moja mupya."

Nilienda. Ilikuwa mupya kweli.